Kabla ya matarumbeta ya Mbagala, kulikuwa na Marini na Arinoti

Kila msimu wa harusi ukiwadia, lalamiko ni lile lile: matarumbeta yanapiga kelele. Kirikuu iliyobeba vijana na vyombo vyao vya shaba ikikatiza Mbagala au Mwananyamala, wapo wanaotoka nje kucheza, na wapo wanaofunga madirisha na kuuliza NEMC, baraza la mazingira, iko wapi, maana kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015. Hoja ya kelele ina haki yake. Mgonjwa aliyelala nyumba ya pili hakualikwa harusini. Kinachokera ni kauli inayofuatia, kwamba matarumbeta ni fujo ya juzi ya watu wa uswahilini wasioujua muziki.

Muziki huu una nasaba ndefu. Upande mmoja wa nasaba hiyo unaanzia Ulaya ya karne ya 19, enzi ya Romantiki, ya akina Berlioz, Mendelssohn na Wagner. Kabla ya enzi hiyo tarumbeta lilitoa noti chache tu, hasa za kuwaita askari na kutangaza wafalme. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walisajili valvu, vile vibonyezo vinavyomwezesha mpigaji kupata noti zote. Mwaka 1835 Wilhelm Wieprecht, msimamizi wa bendi za jeshi la Prussia, akasajili tuba mjini Berlin pamoja na fundi Moritz. Mwaka 1846 Adolphe Sax akapata hati ya saksafoni mjini Paris.

Anayedhani muziki wa heshima lazima ukae ndani ya ukumbi amkumbuke Berlioz. Mwaka 1840 alipewa kazi ya kuwatungia muziki mashujaa wa mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1830. Aliandika simfoni nzima ya bendi ya jeshi, akawatoa wapigaji wapatao 200 barabarani, naye akawaongoza kwa miguu katikati ya umati wa Paris.

Mendelssohn naye, mwaka 1842, alitunga muziki wa tamthilia ya Shakespeare, na ndani yake mna ule mwendo wa harusi tunaoujua sote. Ulipata umaarufu mwaka 1858, ulipopigwa katika harusi ya binti wa Malkia Victoria na mwanamfalme Friedrich wa Prussia. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata, akaitwa Wilhelm. Huyo ndiye Kaiser ambaye serikali yake ilihamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni mwaka 1891. Kwa hiyo maharusi wanaotoka kanisani Kinondoni kwa tuni ile wanasindikizwa na muziki wa harusi ya wazazi wa Kaiser wetu wa zamani. Sijui kama wenyewe wangependa kuambiwa hivyo siku hiyo.

Vyombo vilifika pwani kwa njia kadhaa. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi ya Wagoa. Wamisionari wa Kilutheri walikuja na tarumbeta za kanisani, na hadi leo bendi za tarumbeta ni sehemu ya ibada za KKKT. Jeshi la Wajerumani likawafundisha askari Waafrika kupiga shaba.

Ila aliyeufanya muziki huo kuwa wetu hakuwa sultani, mchungaji wala jeshi. Ilikuwa ni beni. Hapa namfuata Terence Ranger, profesa aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, ambaye kitabu chake kuhusu ngoma ya beni kilitoka mwaka 1975. Ranger anaonyesha kwamba beni ilianza miaka ya 1890 katika miji ya pwani ya Kenya, ikateremka Tanga, kisha Dar es Salaam. Vijana waliiga bendi za kijeshi, gwaride na sare, halafu wakaingiza kitu ambacho pwani ilikuwa nacho tangu zamani: mashindano ya mtaa kwa mtaa, ya kutambiana na kupigana vijembe hadi mmoja akimbie uwanja.

Kwetu mashindano hayo yalikuwa na majina mawili, Marini na Arinoti. Marini ndio waliojiona wastaarabu, makarani na watu wa pwani wenye nguo safi. Arinoti walikuwa watu wa bara na wa kazi ngumu, na Marini hawakuacha kuwakumbusha hilo. Kila upande ulikuwa na Kingi wake, majenerali wake, hata Kaiser wake, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Ukipandishwa cheo, ulilipia. Ukialika, ulichinja. Upande uliozidiwa kwa karamu, kwa sare au kwa nyimbo ulirudi nyumbani kukusanya fedha upya. Wapo waliofilisika.

Lakini mwanachama aliyefika mji mgeni alipokelewa na wenzake, na akifa walimzika. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, askari wa Mjerumani na wa Mwingereza waliolengana kwa bunduki walikuwa na beni ile ile pande zote mbili, na mateka waliipeleka ngoma mbali zaidi. Huko Malawi ikazaa malipenga, kando ya Ziwa Nyasa upande wetu ikawa mganda, ambamo vibuyu hupulizwa badala ya shaba. Hata Dar es Salaam vyombo halisi havikutosha kila mara. Ngoma kubwa na ubunifu vilijaza pengo.

Waingereza walishituka. Mwaka 1919 maofisa wao wa ujasusi walizichunguza beni wakihofia njama, maana waliona Waafrika wenye majenerali na barua zinazokwenda mji kwa mji. Kumbe barua nyingi zilihusu karamu na nani kamzidi nani. Wengine waliwacheka wachezaji kuwa waigaji wa mzungu. Ranger anakataa, nami nipo upande wake: mtu anayemvika jirani yake wa Kariakoo cheo cha Kaiser na kumtungia vijembe amekwisha kuacha kuiga.

Baadaye wasomi walihamia kwenye vyama na dansi, na gitaa likachukua miji. Shaba ikabaki kwa polisi, jeshi na makanisa, hadi harusi za mjini zilipoirudisha mitaani.

Leo vijana wa Tandika na Manzese hujifunza kwa kusikiliza, mmoja akimfundisha mwenzake, mara nyingi kwa chombo cha mitumba chenye valvu iliyokwama. Shule zetu zinapeleka watoto kwenye gwaride za kitaifa kila mwaka bila kuwafundisha kupuliza. Ni uzembe wa kushangaza katika jiji lililokuwa na beni zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Na mwendo wa Mendelssohn wenyewe siku hizi unatoka kwenye kompyuta ya DJ, ndani ya ukumbi. Nje getini wenye shaba wanapiga singeli, na shangazi wa bwana harusi tayari ameshika noti ya elfu kumi anatafuta wa kumtuza.