Kupanda Kilimanjaro: Maandalizi

Kupanda Kilimanjaro ni safari ya miguu ya siku 5 hadi 9 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Hufanywa chini ya mwongozaji mwenye leseni, na kwa waliojaliwa huishia kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Katika njia za kawaida hakuhitajiki kamba wala shoka la barafu. Mwenye miguu mizima hutembea kutoka langoni hadi juu, na hapo ndipo mtego ulipo: mlima usiodai ufundi wa kupanda humfanya mgeni adhani haudai kitu kingine. Unadai siku. Maandalizi yote mengine, kuanzia buti hadi vidonge, yanakuja nyuma ya hilo.

Hans Meyer, Mjerumani, alilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima, akakosa zana za kuivuka, akarudi. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimewaka, akakamatwa na kuachiwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na safari hii alijipanga upande wa chakula. Kambi ziliwekwa ngazi kwa ngazi juu ya Marangu, kwa chifu Mangi Mareale, na wapagazi wakawa wanapandisha posho ili wapandaji wasilazimishwe na njaa kushuka. Tarehe 3 Oktoba wawili hao walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, na saa zimekwenda. Wakashuka, wakapumzika, wakasogeza kambi juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Watu wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao, kuwa ndiye aliyewaonyesha njia.

Mlima unadai siku kwa sababu ya hewa. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, ileile ya Kariakoo. Kinachopungua ni mgandamizo. Kwenye kilele cha Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta karibu nusu ya oksijeni ambayo mwili umezoea. Mwili hujitetea: pumzi huenda mbio, moyo hudunda haraka, figo hutoa mkojo mwingi zaidi, na baadaye damu huongeza chembe nyekundu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hakuna mazoezi ya gym yanayoiharakisha. Ndiyo maana kijana mkimbiaji huweza kulala chali akitapika huku shangazi yake mnene, mwenye kutembea kama anakwenda gulioni, akimpita na kumpa pole.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika. Hali hiyo ni ya kawaida, na mara nyingi hutulia mtu akikaa palepale bila kupanda zaidi. Ikipuuzwa inaweza kugeuka moja ya sura mbili zinazoua: maji kujaa kwenye mapafu, ambapo mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa amekaa, na ubongo kuvimba, ambapo huanza kuyumba na kuongea ovyo. Waongozaji wana kipimo chepesi cha hiyo ya pili: humwambia mgeni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akipepesuka kama mlevi, hapo hakuna mjadala, hushushwa usiku huohuo. Oksijeni ya mtungi na dawa husaidia kununua muda, lakini tiba ni kushuka. Katika njia ya Marangu mgonjwa hushushwa kwa machela yenye gurudumu moja, watu wakiishika pande zote huku ikiruka juu ya mawe. Aliyewahi kulazwa humo hasahau.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku 3 au 4 kuwe na siku ya mapumziko. Sasa itazamwe safari ya siku 5 ya Marangu, ambayo wengi huichagua kwa sababu ni rahisi ya bei na ina vibanda vyenye vitanda. Usiku wa kwanza ni Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu kibanda cha Kibo, mita 4,720, na hata huo haulaliwi wote, maana safari ya kileleni huanza karibu na saa 6 usiku. Kila usiku mita 1,000. Ratiba hiyo inavunja kanuni mara mbili ya kiasi, na wanaorudi nusu njia si wazembe, wameuziwa siku chache.

Siku moja ya ziada Horombo hubadilisha mambo. Mpandaji hutembea mchana hadi juu ya mita 4,000, kwenye Miamba ya Pundamilia yenye michirizi myeusi na myeupe, kisha hurudi kulala palepale alipoamkia. Njia za Machame na Lemosho zimepata sifa kwa mpango kama huo: mchana watu hupanda hadi Lava Tower, mita 4,600 na ushee, wakala chakula cha mchana na kichwa kinachogonga, halafu hushuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Machame ya siku 7 au Lemosho ya siku 8 ni ghali kuliko Marangu ya siku 5, kwa kuwa ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Ni pesa iliyotumika vizuri kuliko jaketi lolote la dukani.

Hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake, na mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni. Kwa hiyo uamuzi mkubwa baada ya idadi ya siku ni kampuni. Maswali ya kuuliza ni machache. Ina leseni? Mwongozaji hubeba mtungi wa oksijeni na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na hukitumia asubuhi na jioni? Nani mwenye neno la mwisho mgeni akitakiwa kurudi? Na wapagazi hulipwa kiasi gani? Swali la mwisho linahusu usalama pia. Bei iliyo chini kupita kiasi hutoka mahali fulani, na mara nyingi hutoka kwenye sahani na mshahara wa wapagazi, ambao mlimani hujiita wagumu.

Mpandaji mmoja huweza kuhitaji wapagazi 3 au zaidi, ukihesabu mahema, gesi, chakula na maji. Mzigo wa kila mmoja una kikomo cha kilo 20, na langoni kuna mizani. Hapo Machame asubuhi, mizani huwa ndiyo tamthilia ya siku: begi la mgeni linaning'inizwa, mshale unapita alama, linafunguliwa mbele ya umati, na vinaanza kutoka jinzi tatu, kitabu kinene, chupa ya manukato ya gramu 400. Tangu mwaka 2003 mradi wa KPAP wenye makao yake Moshi umekuwa ukifuatilia jinsi wapagazi wanavyolipwa na kulishwa, na hukopesha nguo za baridi kwa wasio nazo. Bahshishi ni desturi, lakini haistahili kuwa kisingizio cha kutolipa mshahara.

Kabla ya yote hayo kuna daktari. Wenye maradhi ya moyo, mapafu au shinikizo la damu wanapaswa kupimwa, na kwa Waafrika Mashariki kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni hulitaja kwa mstari mmoja: siko seli. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kupanda kabisa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, asiyeumwa chochote akiwa Mwanza au Mombasa, anaweza kuharibika bandama kwenye hewa nyembamba, na wengi wa aina hiyo hawajui hali yao hadi wapimwe.

Dawa inayotumika sana kuzuia ugonjwa wa mwinuko ni asetazolamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Kwa kawaida humezwa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Huufanya mwili upumue zaidi, huongeza safari za chooni, na huleta ganzi na vichomi kwenye vidole. Ni ya jamii ya salfa, kwa hiyo aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Fansidar au Septrin amweleze daktari kabla ya kuigusa. Na anayetoka pwani akipata homa na kichwa huko juu asikimbilie kulaumu mwinuko peke yake. Malaria aliyoondoka nayo Tanga huweza kujitokeza siku ya tatu ya safari.

Mazoezi ni kutembea. Miezi 2 au 3 inatosha kwa mtu mwenye afya, akitembea mara 3 au 4 kwa wiki na siku moja ya mwisho wa wiki akienda kwa muda wa saa 5 au 6 na begi la kilo 6 mgongoni. Wa Dar es Salaam wana vilima vya Pugu, na wakipata nafasi Uluguru. Wa Nairobi wana Ngong na Longonot. Ngazi za ghorofa ni nzuri, hasa kuzishuka, kwa sababu magoti huumia zaidi siku ya kurudi: kutoka kileleni hadi kambi ya Mweka ni karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja. Kucha za miguu zikatwe fupi, la sivyo zitafika langoni zikiwa nyeusi.

Nguo hazihitaji utajiri. Usiku wa kileleni baridi huweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri na upepo juu yake, lakini kinachokinga ni tabaka: ya ndani inayokausha jasho, ya katikati ya joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Pamba ni adui, ikilowa haikauki. Kampuni nyingi hukodisha makoti na mifuko ya kulalia, na wenyeji wa Moshi huenda soko la Memorial, kwenye mitumba, ambako jaketi la ski kutoka Ulaya hupatikana kwa anayejua kupekua. Kitu kimoja tu kisikodishwe: buti. Linunuliwe mapema, livaliwe kazini, sokoni na kanisani hadi lisahaulike mguuni. Anayesafiri kwa ndege alivae badala ya kuliweka kwenye begi, maana begi linaweza kuchelewa Addis Ababa na mlima usimsubiri. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani. Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Mambo madogo ndiyo humtofautisha aliyejiandaa. Chupa ya maji hubebwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kuganda juu na mdomo ukibaki chini hauzibi. Betri za tochi na simu hulala ndani ya mfuko wa kulalia. Maji hunywewa lita 3 hivi kwa siku hata bila kiu. Chakula huliwa hata kisipopendeza, na wapishi wa mlimani wanajua supu ya moto na uji hupita pale wali unapogoma. Bia na dawa za usingizi zisubiri Moshi.

Wakati wa kwenda ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei huleta matope msituni na theluji juu. Vuli ya Novemba ni nyepesi kidogo. Hata hivyo makundi ya Watanzania hupanda kila Desemba kuelekea siku ya Uhuru, wakikumbuka usiku wa 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera juu ya Kibo.

Simon Mtuy, Mtanzania, alipanda na kushuka mlima huu chini ya saa 10 mwaka 2006. Alizaliwa kwenye miteremko yake na amekuwa akiupanda miaka mingi. Mwenye likizo ya siku 5 asimwige. Aende Meru, mita 4,566, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, siku 4 na askari mwenye bunduki mbele kwa ajili ya nyati, aone kichwa chake kinavyopokea mwinuko. Kibo aiwekee mwaka atakaopata siku 8.