Kutoka Kamani hadi Springi Saidizi ya Hewa

Katika kuunda istilahi za ufundi wa magari, mara nyingi tumetazama sura ya kitu tukasahau kazi yake. Makala haya yanaeleza historia ya jina la kifaa kimoja, yaani ule mfuko wa mpira unaojazwa upepo na kufungwa nyuma ya pikapu ili kulisaidia gari lichukuapo mzigo. Tutaonyesha kwamba jina lisilofaa laweza kuleta hatari barabarani.

Kiswahili kina neno kamani, lenye asili ya Kiajemi, ambako maana yake ni upinde. Hata hivyo, neno lililotawala katika gereji ni springi, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Wala ule upinde haukupotea: mabapa ya chuma yaliyofungwa pamoja chini ya pikapu yamepindwa vivyo hivyo.

Je, hewa nayo yaweza kuitwa springi? Wazo hili si geni. Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha huko Uingereza kitabu kuhusu unyumbufu wa hewa, akiulinganisha na sufu ambayo hubonyea inapokandamizwa, kisha hufura tena. Robert William Thomson alipata hataza ya gurudumu la upepo mwaka 1845, naye John Boyd Dunlop akalifufua wazo hilo mwaka 1888. Katika karne ya 20 hewa ilipanda kutoka kwenye tairi hadi kwenye springi yenyewe. Mwaka 1957 gari la Cadillac Eldorado Brougham lilitolewa likiwa na springi za hewa tupu, lakini zilivuja, na wenye magari wengi wakarudia chuma. Njia nyingine ilikuwa ya kiasi zaidi: chuma kibaki, hewa isaidie tu. Kampuni ya Air Lift ya Lansing, Marekani, imekuwa katika kazi hiyo tangu 1949.

Ufungaji wenyewe waeleza maana. Fundi huinua fremu kwa jeki ili ekseli ishuke, kisha hufunga kishikizo cha juu kwenye fremu na cha chini kwenye ekseli, mfuko ukakaa katikati. Bomba jembamba hupitishwa mbali na joto la ekzosi hadi kwenye valvu ya kujazia. Viungo hupakwa maji ya sabuni, na povu huonyesha panapovuja. Hata gari likiwa tupu, mfuko huachiwa upepo kidogo usije ukakunjamana na kukatika. Katika kazi yote hii, springi ya chuma haiondolewi.

Hapa ndipo penye uzito wa jina. Tukikiita kifaa hiki "kiongeza uwezo", mwenye pikapu ataamini kwamba sasa aweza kupakia zaidi. Ukweli ni kwamba mfuko haubadili ekseli, matairi, fremu wala breki. Kikomo cha uzito alichoweka mtengenezaji wa gari hubaki kile kile. Kinachobadilika ni kwamba gari halikai chini kwa nyuma, wala taa zake hazimuliki machoni pa wanaokuja. Gari lililozidishiwa mzigo likionekana limenyooka, laficha kosa lake.

Kwa hiyo tunapendekeza springi saidizi ya hewa. Tumechagua hewa badala ya upepo kwa sababu upepo ni hewa inayokwenda, hali iliyo mfukoni imefungiwa. Mafundi na waendelee kusema "jaza upepo", hatuoni ubaya. Ama saidizi, msomaji wa sarufi analijua. Kitenzi kisaidizi hakichukui nafasi ya kitenzi kikuu, bali hukitegemea. Vivyo hivyo mfuko huu hukitegemea chuma.

Tunawaomba mafundi na madereva walipime pendekezo hili kazini mwao, kwani istilahi isiyokubalika gerejini hubaki karatasini.