Askari wa Ngombeni na Jina Lisiloandikwa

Majina ya vijiji vya Mafia yamedumu kuliko majina ya watu. Miburani ni mahali pa mibura, miti ya porini yenye matunda yanayoliwa. Kisimani ni mahali pa kisima, na jina hilo limebaki ingawa sehemu kubwa ya mji wa kale uliokuwapo hapo imemezwa na bahari. Mtu wa Miburani anayetaka kujua vita vikuu vya kwanza vya dunia viligusaje kisiwa chake hana haja ya kwenda mbali, kwani kisiwa chote hakizidi mwendo wa kilomita hamsini kwa urefu. Vita hivyo vilifika hadi Ngombeni, kwenye mashamba ya minazi karibu na Kilindoni, mwezi wa Januari 1915.

Sababu ya vita kufika huko ilikuwa meli. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaenda kujificha katika mito ya delta ya Rufiji, inayotazamana na Mafia. Waingereza walihitaji pahala pa kurushia ndege za kuichungulia meli hiyo ndani ya mikoko. Kwa hiyo wakateremsha majeshi upande wa Kisimani, wakapigana na ngome ndogo ya Wajerumani hapo Ngombeni, wakakitwaa kisiwa. Tarehe 6 na 11 Julai 1915 meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, ziliishambulia Königsberg zikiongozwa na marubani kutoka Mafia, hata kapteni wake Max Looff akaamua kuiangamiza mwenyewe.

Yaliyobaki ya meli hiyo yametunzwa vyema. Mizinga yake ilitolewa majini na kukokotwa nchi kavu kwenda kupiganiwa tena, na mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, ambako wageni huupiga picha. Jina la kapteni linajulikana, na ya marubani Cull na Arnold, waliotunguliwa siku ile ya mwisho wakaokoka, yanajulikana pia. Lakini pale Ngombeni waliopigana walikuwa Wazungu wachache na Waafrika wengi, tena pande zote mbili: askari wa Mjerumani kwa upande mmoja na askari wa King's African Rifles kwa upande wa pili. Katika vitabu vya vita Mzungu hutajwa kwa cheo na jina. Askari hutajwa kwa hesabu.

Nao hawakuwa watu waliookotwa njiani siku ile. Uaskari ulikuwa kazi ya maisha. Wissmann alipokuja kupigana na Abushiri mwaka 1889 alileta Wasudani aliowaandika Cairo na Washangaan kutoka kusini ya Msumbiji, nao wakawa mbegu ya jeshi lililoendelea kwa zaidi ya robo karne. Baadaye waliandikwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Askari wa kawaida alipata rupia 20 kwa mwezi, kiasi ambacho mkulima au kibarua wa mashamba hakukiota. Alioa, akajenga karibu na boma, wanawe wakakua wakisikia tarumbeta, na msafara wa vita uliposimama mke alikuwa nyuma yake na chungu kichwani. Mji wa nyumbani kwa mtu wa namna hii aghalabu ulikuwa boma lenyewe. Ndiyo maana ni vigumu kusema ni kijiji gani kilichopaswa kumlilia. Hapana budi pia kusema kwamba askari hao waliogopwa na kuchukiwa na wanakijiji, na kwa haki, maana ndio waliochoma nyumba na ghala wakati wa Maji Maji. Kumkumbuka mtu si lazima kumsafisha.

Yuko mmoja katika wale wa mwanzo ambaye jina lake halikupotea. Sykes Mbuwane alitoka Kwa Likunyi, Msumbiji, akaja na Wissmann, na akafa maji katika mto Ruaha jeshi lilipokuwa likirejea kutoka vita vya Wahehe na Mkwawa. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894 na kupewa jina la ofisa wa Kijerumani, naye alipigana chini ya Lettow-Vorbeck, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Kabla ya kufa mwaka 1949 Kleist aliandika habari za maisha yake na za baba yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliutumia mswada huo kuandika sura iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania. Bila karatasi zile, aliyezama Ruaha angekuwa leo tarakimu nyingine tu katika ripoti ya gavana.

Serikali zilikumbuka kwa njia nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann, na chini ya miguu yake wakamweka askari wa Kiafrika akimfunika simba kwa bendera. Wissmann alikuwa na jina. Askari alikuwa pambo. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha Sanamu ya Askari, ambayo bado inaelekeza singe yake bandarini. Safari hii Mwafrika yuko juu peke yake, na hayo si madogo. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Msomaji akizunguka nguzo nzima kulitafuta jina hata la askari mmoja, halioni. Sanamu za Nairobi na Mombasa nazo ni hivyo hivyo. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na yumkini hata 350,000, waliotumikia dola hiyo katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, wale walioipa Kariakoo jina lake. Kaburi la Mzungu lilichongewa jiwe. La Mwafrika liliachiwa majani, kwa uamuzi wa makusudi wa ofisini.

Wale wa upande wa Mjerumani walikuwa na deni jingine. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Novemba 1918, mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo mwaka 1964, na wazee wakakusanyika Mwanza kuyapokea. Husimuliwa kwamba wasio na cheti walipewa fimbo ya ufagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani kushika silaha, na wakashika. Aliyekufa hakuweza kuinua ufagio.

Tangu hapo desturi imebadilika, na tofauti hiyo inastahili kutazamwa. Tarehe 28 Agosti 2013 Meja Khatib Mshindo, Mzanzibari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliuawa kwa kombora karibu na Goma. Alikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopambana na waasi wa M23 chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. Alikuwa mwanajeshi wa kazi kama wale wa Ngombeni, na kama wao alifia nchi isiyo yake. Lakini jina lake lilitangazwa pamoja na cheo chake, mwili ukarejeshwa, akazikwa visiwani kwao na watu waliomjua. Karibu karne moja inatenganisha vifo hivyo, na katika muda huo kilichobadilika zaidi ni nani mwenye jeshi.

Washairi wa pwani walikuwa wamejua mapema zaidi. Hemed bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, katika utenzi wake juu ya Wadachi kuutamalaki Mrima, aliwapa Abushiri na wenzake mahali ambapo ripoti za Berlin ziliwaita waasi tu. Ila utenzi hupenda majemadari. Askari wa mshahara, anayepigania bendera ya mgeni katika kisiwa kisicho chake, si shujaa wa ubeti.

Kuzika ni faradhi ya kifaya: wachache wakiitimiza, mji mzima umesalimika, wakiiacha, wote wana dhambi. Wengi katika askari wale walikuwa Waislamu, au waliingia dini wakiwa jeshini. Hitima inaposomwa Mafia, msomaji huambiwa jina la marehemu ili amtaje katika dua. Kisha dua hupanuka, huwataja wazazi, masheikh, na mwishowe Waislamu wote waliotangulia, walio karibu na walio mbali. Askari wa Ngombeni wamo humo, katika maneno ya mwisho kabla ya Fatiha, wakati watoto wameshaanza kuchungulia sinia.