Robert G. Clark, mbunge wa Holmes

Robert G. Clark (1928–2025) alikuwa mwalimu kutoka Ebenezer, kijiji cha Kaunti ya Holmes katika jimbo la Mississippi, Marekani. Alichaguliwa mwaka 1967 kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuketi humo katika karne ya 20, na hakutoka hadi miaka 36 ilipopita.

Ushindi wake ulianzia mashambani. Holmes ilikuwa kaunti ya pamba yenye Weusi wengi kuliko wazungu, lakini wapiga kura walikuwa wazungu karibu wote. Kibarua Mweusi aliyethubutu kujiandikisha kupiga kura aliweza kufukuzwa shambani na nyumbani. Mambo yalikuwa tofauti Mileston, ambako serikali kuu iliwawezesha wakulima Weusi kununua mashamba yao wenyewe wakati wa Rais Franklin Roosevelt. Hao hawakuwa na bwana wa kuwafukuza. Aprili 1963 walikwenda 14 kwa pamoja hadi Lexington, makao makuu ya kaunti, kudai kuandikishwa. Mwezi uliofuata nyumba ya mmoja wao, Hartman Turnbow, ilirushiwa mabomu ya petroli na kumiminiwa risasi. Hawakurudi nyuma. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilipopita mwaka 1965, tayari walikuwa wamejipanga.

Clark mwenyewe alikulia katika familia iliyomiliki ardhi. Alisoma Jackson State, akapata shahada ya uzamili Michigan State, kisha akafundisha shule na kunoa timu za michezo. Aliomba kaunti ianzishe masomo ya ngumbaru, akakataliwa. Ombi hilo ndilo lililomwingiza katika siasa. Aligombea kwa kuungwa mkono na chama cha Mississippi Freedom Democratic Party, akamshinda mbunge mzungu aliyekuwa akikishikilia kiti hicho.

Aliapishwa Januari 1968. Wabunge walikaa wawiliwawili kwenye madawati, ila dawati la Clark lilikuwa na mtu mmoja tu, na kwa miaka minane alikuwa Mweusi pekee kati ya wabunge 122. Alisimama kuomba nafasi ya kusema akapuuzwa, na miswada yake iliishia kwenye makabati ya kamati. Alivumilia, akajifunza kanuni za bunge kwa undani, akawazoea wenzake mmojammoja. Mwaka 1977 alipewa uenyekiti wa Kamati ya Elimu.

Hapo ndipo ilipo kazi yake kubwa. Mwaka 1956 Mississippi ilikuwa imefuta sheria ya kuwalazimisha watoto kwenda shule, ili mzazi mzungu asilazimike kumpeleka mwanawe shule ya mchanganyiko. Tena jimbo halikuwa na shule za chekechea za umma. Mwanzoni mwa 1982 muswada wa chekechea ulifika siku yake ya mwisho bungeni. Wabunge walipaza sauti wakitaka kura ihesabiwe kwa majina, lakini Spika Buddy Newman akafunga kikao na kuondoka. Hasira za wananchi zilimpa Gavana William Winter nguvu ya kuitisha bunge tena Desemba, na Clark akiwa kwenye usukani wa kamati, Sheria ya Marekebisho ya Elimu ikapita. Ilileta chekechea, ikarudisha mahudhurio ya lazima, ikaweka walimu wasaidizi katika madarasa ya chini.

Alijaribu mara mbili, 1982 na 1984, kwenda Bunge la Marekani mjini Washington, akashindwa zote na Webb Franklin. Mweusi mwenzake Mike Espy ndiye aliyekitwaa kiti hicho mwaka 1986. Clark aliendelea katika bunge la jimbo mjini Jackson, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akachaguliwa kushika nafasi ya pili baada ya Spika.

Alipostaafu, mwanawe, wakili Bryant Clark, alichaguliwa mwaka 2003 kushika kiti kilekile. Jengo moja la serikali ya jimbo mjini Jackson lilipewa jina la Robert Clark mwaka 2004, la kwanza kuitwa kwa jina la Mmarekani Mweusi. Alifariki Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 96.