Mbwa wa boma moja wanapogeuka mahasimu

WAHENGA walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo haikutungiwa mbwa, lakini familia nyingi zinazofuga zaidi ya mbwa mmoja zimewahi kuonja ukweli wake. Mbwa waliolala pamoja kwa miaka miwili hurukiana siku moja mbele ya bakuli la chakula, na anayekimbia kuwaamua ndiye huishia hospitalini.

Aghalabu hatua inayofuata huwa ni kipigo, mnyororo au kumtupa mmoja wao mbali na nyumbani. Hatua hizo haziondoi chanzo cha uhasama, na nyingine huuzidisha.

Kiini cha ugomvi

Mbwa hawapigani bila sababu. Wengi hugombania chakula, mifupa, mahali pa kulala au kuwa karibu na bwana wao. Kwa kuwa mbwa hupevuka kitabia kati ya umri wa mwaka 1 na 3, kijibwa aliyekuwa akimpisha mkubwa wake huenda akaanza kukataa kumpisha katika kipindi hicho.

Ugomvi hutokea zaidi baina ya mbwa wa jinsia moja, na ule wa majike wawili huwa mgumu kutatuliwa. Jike huingia katika joto takriban kila baada ya miezi sita, na wakati huo hata madume waliokuwa marafiki huweza kuumana.

Maumivu pia huchangia. Mbwa mwenye jino bovu, kidonda sikioni au viungo vinavyouma huwafukuza wenzake wasimguse. Kwa hivyo, mbwa mpole anapobadilika ghafla, daktari wa mifugo ndiye wa kwanza kuitwa.

Isitoshe, mbwa wengi nchini Kenya hufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku ili walinde boma. Wanapotoka wakiwa na nguvu nyingi wasizozitumia, mpita njia mmoja langoni hutosha kuwapandisha mori. Wakishindwa kumfikia, hasira humwangukia mwenzao aliye karibu.

Dhana iliyopitwa na wakati

Wapo wafugaji wanaoamini kuwa yafaa kuwaacha wapigane hadi mmoja awe mkubwa wa wengine. Imani hii ilipata nguvu kutokana na utafiti ambao Rudolf Schenkel wa Uswisi aliuchapisha mwaka wa 1947 kuhusu mbwamwitu waliofungiwa.

Mtafiti wa Marekani, David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1970 kiliieneza dhana hiyo, aliisahihisha mwaka wa 1999. Alieleza kuwa kundi la mbwamwitu wa porini kwa kawaida ni familia ya wazazi na watoto wao, wala si uwanja wa kupigania ukubwa. Kwa mbwa wa nyumbani, kila pigano huacha woga na chuki ambavyo hurahisisha pigano linalofuata.

Dalili za kuangaliwa

Kabla ya kuumana, mbwa hutoa ishara. Mwili hukakamaa, macho humkazia mwenzake, midomo hufunua meno na nywele za mgongoni husimama. Mmoja pia huweza kumzuia mwingine kupita mlangoni.

Kunguruma ni onyo. Usimchape mbwa kwa kunguruma, kwani atajifunza kuuma bila kuonya. Mwite mmoja kwa sauti tulivu na umwondoe mahali hapo.

Namna ya kuzuia

Kwanza, kila mbwa apewe bakuli lake na alishwe mbali na wenzake, ikiwezekana kibandani mwake na mlango ukiwa umefungwa. Mabakuli yaondolewe wakishamaliza, na mifupa isirushwe uani ili waigombanie.

Pili, kila mmoja awe na mahali pake pa kulala na maji yake. Tatu, watembezwe kila siku ili wapunguze nguvu. Nne, lango lizibwe ili wasione kila anayepita.

Kuhasi madume na kufunga uzazi wa majike hupunguza ugomvi unaotokana na joto. Hata hivyo, upasuaji huo hauwezi peke yake kufuta uhasama ambao umekwisha kuota mizizi.

Wanapoumana

Usitie mkono katikati yao wala kuwashika shingoni, kwa kuwa mbwa aliye vitani huuma chochote kinachomgusa. Waondoe watoto kwanza. Kisha wamwagie maji mengi, gonga sufuria kwa kishindo, au ingiza ubao baina yao.

Wakishaachana, watenge mahali wasipoonana na uwakague majeraha. Tundu dogo la jino huweza kuficha kidonda kirefu kinachotunga usaha.

Usiwakutanishe siku hiyo. Baada ya siku kadhaa, watu wawili wawatembeze wakiwa wamefungwa kamba, kila mmoja upande wake wa barabara, na wawatuze kwa vipande vya chakula wanapotulia. Umbali upunguzwe kidogo kidogo kwa siku au majuma.

Hatari ya kichaa cha mbwa

Mtu akiumwa, hata na mbwa wake mwenyewe, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kuchelewa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra mno kupona.

Mbwa wote wachanjwe wakiwa na umri wa miezi mitatu na chanjo irudiwe kila mwaka. Mnamo 2014, Kenya ilizindua mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo kufikia mwaka wa 2030.

Wapo mbwa ambao hawatapatana kamwe. Iwapo majeraha yanazidi kuwa mabaya, au mmoja ni mdogo sana kwa mwenzake, ni heri kuwatenga kabisa au kumtafutia mmoja makao mapya, na anayempokea aelezwe ukweli wote. Huko si kushindwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika boma lenye watoto, ukuta huo huenda ukagharimu uhai.