Mwili Uliohesabiwa kwa Dadu

Katika makala haya twakusudia kuwaeleza walimu wenzetu historia ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la watoto, nalo ni namna watunzi wa michezo ya mezani walivyojaribu kuuandika mwili wa mwanadamu kwa tarakimu. Twazungumzia ile michezo ya kuigiza ambamo watu wachache huketi kuizunguka meza, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na msimulizi mmoja akawatungia safari na maadui. Dadu ndiyo huamua kama upanga umepata au umekosa.

Asili ya jambo hili ni vita. Tangu mwaka 1824 maofisa wa Prusia walikuwa na mchezo wa kujifunzia mapigano, ambamo hasara ya kikosi ilipatikana kwa dadu na majedwali. Hata katika Chainmail, kanuni zilizotungwa Marekani na Gary Gygax na Jeff Perren mwaka 1971, askari wa kawaida alipigwa dharuba moja akafa. Shujaa peke yake ndiye aliyehesabiwa sawa na watu wanne. Basi wachezaji wa Dave Arneson, huko Minnesota, hawakupenda kumpoteza kwa pigo moja mhusika waliyemlea kwa majuma mengi. Arneson alieleza baadaye kwamba dawa aliipata katika kanuni za mapigano ya manowari za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Manowari haizami kwa kombora la kwanza, bali huvumilia mpaka kiasi chake kiishe. Ndivyo mwili wa mtu ulivyopewa hesabu ya chombo cha baharini.

Hesabu hiyo, ambayo sisi tutaiita alama za uhai, iliingia katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa na Gygax na Arneson mwaka 1974. Siha ya mhusika ilipatikana kwa kurusha dadu tatu, yaani 3 hadi 18, na aliyefikia 15 aliongezewa alama moja kwa kila dadu yake ya uhai. Wembamba na unene havikuhesabiwa. Tena aliyebakiwa na alama moja tu alipigana kwa nguvu zile zile za asubuhi! Gygax alijitetea mwaka 1979 kwamba alama hizo si nyama na damu tu, bali ni ustadi na bahati pia. Ni jibu la werevu, lakini halikuwatosheleza wote.

Waliotaka mwili wenyewe walikwenda kwingine. RuneQuest ya mwaka 1978 iliufanya ukubwa wa mwili kuwa sifa ya kila mhusika, ikaugawa mwili sehemu saba, kila sehemu na alama zake: kichwa, kifua, tumbo, mikono miwili na miguu miwili. Pandikizi la mtu lilistahimili zaidi, lakini mdogo alijificha kwa urahisi. Katika Call of Cthulhu ya mwaka 1981, alama za uhai ni wastani wa siha na ukubwa. Sisi twaona huo ndio mwafaka wa haki kuliko mingine, kwani kila umbo lina faida yake.

Haki hiyo haikuenea kote. Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons cha mwaka 1978 kiliwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu kilichokuwa chini ya kile cha wanaume, na kikomo hicho hakikuondolewa hadi toleo la 1989. Mchezo uliomruhusu mtu kuwasha moto kwa maneno matupu ulishindwa kumwazia mwanamke mwenye nguvu. Nayo GURPS, ya mwaka 1986, iliuweka unene katika orodha ya kasoro pamoja na upofu. Aliyeikubali kasoro alilipwa alama za kununulia sifa nyingine.

Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kusita. Kwetu wapo wengi ambao kumwambia mtu kwamba amenenepa ni kumpongeza, na anayeitafsiri orodha ile neno kwa neno atamchanganya mwanafunzi. Siha yenyewe yaweza kuitwa afya au uzima, lakini uzima ni mpana zaidi: nazi ambayo haijavunjwa ni nzima, asiyeumwa ni mzima, na aliyepita utoto ni mtu mzima. Ni tarakimu gani itakayoyabeba yote hayo?

Tumejaribu pia, kwa kujifurahisha, kumwandikia alama Fumo Liyongo. Kwa hesabu ya Arneson angalipungua kidogo kidogo kama manowari, na masimulizi hayasemi hivyo. RuneQuest ingalikaribia, kwa kuwa ina sehemu ya tumbo, na sindano ya shaba ya mwanawe ilimpata kitovuni. Lakini hatukuona jedwali lolote lenye nafasi ya zile siku alizokaa kisimani amepiga goti, upinde mkononi, amekwisha kufa, na watu wakiogopa kwenda kuteka maji.