Abiotrophia defectiva
Abiotrophia defectiva ni bakteria wa kinywani mwa binadamu. Hukaa kwenye ukoga wa meno bila kumdhuru mtu. Hatari huanza anapoingia kwenye damu, kwa mfano kupitia fizi zilizoumia, akajishikiza kwenye vali za moyo na kusababisha endokaditisi, yaani uvimbe wa utando wa ndani wa moyo. Watafiti Frenkel na Hirsch walieleza bakteria wa aina hii mwaka 1961. Jenasi Abiotrophia ilipendekezwa mwaka 1995.

Kumwotesha maabara ni kazi ngumu. Kwenye agari ya kawaida ya damu ya kondoo huwa haoti, kwa kuwa anahitaji piridoksali, aina ya vitamini B6, au sisteini. Ili aote, mtaalamu huchora mstari wa bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, kwenye sahani. Vijidoa vidogo vya Abiotrophia hujitokeza kandokando ya mstari huo tu, vikitumia virutubishi vinavyotolewa na jirani yao. Kwa hiyo sahani tupu isichukuliwe kuwa jibu la mwisho, hasa ikiwa darubini imeshaonyesha vijidudu kwenye chupa ya damu.

Tiba mara nyingi huunganisha penisilini au ampisilini na gentamisini kwa wiki kadhaa. Hata hivyo vali inaweza kuharibika vibaya, na wagonjwa wengi hulazimika kufanyiwa upasuaji.